Mayabazar ya 1957: sifa hasa apewe nani?

#1 Binti Raskazone
Wadau salaam. Juzi nimeitazama Mayabazar kwa mara ya tatu. Ni picha ya Kitelugu ya mwaka 1957, nyeusi na nyeupe, saa tatu nzima, na sijasogea kitini.

Kwa ambao hawajaiona: Balarama, kaka yake Krishna, aliahidi kumwoza binti yake Sasirekha kwa Abhimanyu. Baadaye baba yake Abhimanyu na ndugu zake wakapokonywa ufalme kwenye kamari. Mali ilipokwisha na ahadi ikaota mbawa. Mama wa binti akageuka, sasa anataka mkwe awe Lakshmana Kumara, mtoto wa Duryodhana, aliyeunyakua ufalme ule; kijana tajiri asiyejua hata kusimama vizuri. Ndipo anapoingia Ghatotkacha, zimwi la msituni, mtoto wa baba mkubwa wake Abhimanyu. Anamchukua bibi harusi usiku na kumficha, halafu yeye mwenyewe anajigeuza Sasirekha na kwenda kukaa nyumbani kwa kina binti kusubiri harusi.

Dai langu: hii ni picha ya Savitri. Kwanza anamwigiza msichana, kisha anaigiza zimwi lililovaa mwili wa msichana. Sura ile ile, vito vile vile, lakini ukimwona tu unajua huyu siye. Anatanua mabega, anajipiga paja kama mpiga mieleka, akisikia nyayo za mtu anakumbuka kulegeza shingo na kuinamisha macho. Na alikuwa hajatimiza hata miaka 25. Wanaosema ni picha ya NTR, aliyecheza Krishna, waje wajieleze.

#2 Kijukuu cha Nungwi
Uzi huu naweka kambi.

#3 Mpenda Pushpa
Mkuu samahani, hili ni picha la Kihindi la zamani au? Mimi ya zamani nazijua zile alizokuwa anaimba mzee nyumbani. Stelingi ni nani?

#4 Hyderabad Zamani
#3 karibu, na usiombe samahani, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo kabla sijaenda kusoma kule. Si Kihindi. Kihindi ni lugha ya kaskazini. Kitelugu ni lugha ya Andhra na Telangana, ukoo mmoja na Kitamil na Kikannada. Mtu wa Delhi haelewi neno. Sisi huku zote tunaziita "za Kihindi" kwa sababu nyingi zinatufikia zikiwa zimeshapachikwa sauti za Kihindi, kisha mtafsiri wetu anaweka Kiswahili juu yake.

Na kwa jina lako hilo, hili litakufurahisha: humo Mayabazar kuna jamaa wawili wachekeshaji, Sarma na Sastri, wapambe wa upande wa Duryodhana. Sarma ni Allu Ramalingaiah. Huyo ndiye babu yake Allu Arjun, Pushpa wako. Krishna ni NTR, babu yake NTR Jr. wa ile picha ya RRR. Abhimanyu ni Akkineni Nageswara Rao, baba yake Nagarjuna. Yaani ukoo mzima wa mastaa unaowajua leo umo ndani ya picha moja ya 1957.

#5 Mpenda Pushpa
Babu yake Pushpa!! Naitafuta leo leo.

#6 Fundi Taa
Dada wa #1, nakuheshimu, lakini picha hii ni ya Marcus Bartley, mpiga picha. Nieleze kwa nini.

Kuna ule wimbo wa kwenye mashua, Lahiri Lahiri. Mbalamwezi imetanda majini, mashua inateleza, nyuso zimeng'aa kidogo tu. Ule si mwezi. Filamu za wakati ule zilikuwa zinahitaji mwanga mwingi mno, mwezi wa kweli usingeacha hata alama. Wengi walikuwa wanapiga mchana kweupe, wanaweka chujio, wanabana lenzi, wanaita usiku. Utawatambua tu, vivuli vikali na mbingu inang'aa. Ya Bartley haina ukali huo. Mwanga wake ni laini, unatoka mahali ambapo mwezi ungekuwa, na maji yanaurudisha usoni.

Mimi kazi yangu ni picha za harusi hapa Mombasa. Kuna bwana harusi alitaka mtumbwi na mwezi mpevu, tukaenda Tudor usiku. Nina kamera ya kisasa, nina taa mbili za betri. Nilichopata ni giza na mapaji mawili ya uso. Nikarudi nyumbani nikautazama tena ule wimbo, nikakaa kimya. Miaka zaidi ya 60 iliyopita, bila kompyuta!

#7 Kijukuu cha Nungwi
Na msisahau kwamba mashua ile haikukodiwa na vijana peke yao. Kwanza wanapanda Abhimanyu na Sasirekha. Krishna na mkewe nao wakanogewa wakapanda. Mwisho hata mzee Balarama na mama mkwe mkali nao wamo majini. Familia nzima imelewa mwezi.

#8 Mzee Santuri
Ninyi mnautazama wimbo, hamuusikilizi. Lahiri Lahiri umeimbwa na Ghantasala na P. Leela, na Ghantasala ndiye mtunzi wa muziki wa picha yote. Ile sauti nzito iliyopoa, huhitaji kujua Kitelugu. Aliyebeba picha ni yeye.

#9 Hyderabad Zamani
Mzee wangu shikamoo. Narekebisha kidogo: muziki ulianzwa na S. Rajeswara Rao. Alitunga tuni nne kisha akaondoka kwenye kazi. Ghantasala akazipanga hizo kwa vyombo na kutunga zilizobaki. Lahiri Lahiri ni mojawapo ya zile nne.

#10 Mzee Santuri
Marahaba. Hilo nimelipokea. Basi wapewe wote wawili, ila sauti ibaki ya Ghantasala.

Na dada Raskazone nimsaidie hapo hapo: ule wimbo Savitri anapocheza akiwa zimwi, Aha Na Pellanta, sikiliza vizuri. Ameuimba P. Susheela, lakini katikati inachomoza sauti ya kiume. Ni Ghantasala. Zimwi limejisahau! Savitri anaubadilisha uso kwa wakati ule ule sauti inapobadilika. Kwa hiyo Savitri wako ni nusu, nusu nyingine iko kwenye kipaza sauti.

#11 Binti Raskazone
Babu umenishika pabaya. Lakini sauti ingebadilika na uso ukabaki vile vile, nani angecheka?

#12 Mswahili wa Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Nafanya kazi na Watelugu watatu, mmoja mtu mzima kutoka Guntur. Nilimtajia jina la picha hii wakati wa chakula cha mchana, akaweka kijiko chini. Alianza kusema maneno ya Ghatotkacha kwa kichwa, kaongea dakika kumi bila kupumzika, wenzake wawili wanamjibu. Wale wawili wamezaliwa baada ya 1990.

Kwake yeye hakuna mjadala: picha ni ya S. V. Ranga Rao, SVR, aliyecheza zimwi. Anasema kabla yake mazimwi kwenye picha yalikuwa kelele na meno. SVR alimtengeneza zimwi mwenye adabu, anayemwinamia mama yake, mwenye tumbo na huruma. Na ile sehemu ya chakula! Zimwi linaingia peke yake kwenye karamu ya harusi, sahani zimejaa, linaanza kuimba Vivaha Bhojanambu, harusi imekuwa chakula chake. Kisha linapanuka, linakuwa jitu, na maladu yanaruka yenyewe kuingia mdomoni.

#13 Kijukuu cha Nungwi
Maladu yale! Mimi nimekulia duka la bibi, ladu naijua, na siku ile niliitafuta usiku wa manane. Ule wimbo unataja na garelu, nikauliza, kumbe ni kama bagia zetu za kunde zenye tundu katikati.

#14 Fundi Taa
#12 na maladu yaliruka kwa kazi ya nani? 😀 Kamera. Hata mji wa Dwaraka, wa kina Krishna, unaouona kwa mbali ni nyumba ndogo ndogo kama 300 zilizojengwa studio na mafundi wa Gokhale na Kaladhar, zikawekwa taa. Bartley akazipiga ukaona mji.

#15 Kalamu ya Makaa
Nimesoma yote, na nashangaa hakuna aliyemtaja mwandishi. Pingali Nagendra Rao, hadithi, mazungumzo na nyimbo, vyote vyake. Yule mzee wa Guntur hakuwa anakariri taa wala maladu. Alikuwa anakariri maneno.

Pingali aliwapa mazimwi lugha yao. Kuna mwalimu wa mazimwi, Chinnamayya, anawafundisha wanafunzi kusema asamadiyulu, maana yake wetu, na tasamadiyulu, wasio wetu. La kwanza lina mzizi wa Kisanskriti. La pili kalizua kwa kulifananisha tu. Wanafunzi wakibananga neno, Ghatotkacha anawatetea, anasema maneno yatazaliwaje kama hakuna wa kuyazaa? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sentensi hiyo nimeiandika ubaoni darasani kwangu. Kila mwaka tunagombana hapa kuhusu maneno mapya, nani ana haki ya kuunda, nani kampa kibali. Zimwi lilishajibu mwaka 1957.

Na dushta chatushtayam, yaani wale waovu wanne, Duryodhana na wenzake, nasikia watu wanaitumia hadi leo wakiona genge la watu wanne wanapanga jambo.

#16 Hyderabad Zamani
Wanaitumia, nathibitisha. Mama mwenye nyumba wangu kule alikuwa anawaita hivyo majirani fulani wanne waliokuwa wanakaa ngazini kila jioni.

#17 Mlinzi wa Hadithi
Jamani, hadithi si ya Pingali. Ni Mahabharata, utenzi wa kale wa India, imekuwepo maelfu ya miaka. Sifa apewe Vyasa, anayetajwa kuwa mtunzi wake.

#18 Kalamu ya Makaa
#17 hapana ndugu yangu. Krishna, Balarama, Abhimanyu na Ghatotkacha wamo kwenye Mahabharata, lakini ndoa hii ya Sasirekha haimo. Ni hadithi ya wananchi, imekulia midomoni na majukwaani.

#19 Pazia Jekundu
Hapo kwenye majukwaa ndipo nilipokuwa nawasubiri. Kuna kundi la maigizo la familia, Surabhi, lilianza 1885 kwenye kijiji chenye jina hilo hilo wilaya ya Kadapa. Watoto wanazaliwa ndani ya kundi, wanakulia nyuma ya pazia, wanaigiza mpaka uzeeni. Utaalamu wao ni mazingaombwe ya jukwaani, watu kutoweka na vitu kuruka, vyote kwa kamba na mikono. Mayabazar ni katika michezo yao mikubwa. Hata kwenye sinema, hadithi hii ilishatengenezwa 1936 kwa jina la Sasirekha Parinayam.

Kwa hiyo watu wa 1957 hawakubuni kitu kutoka hewani. Walipokea mchezo ambao watazamaji walishaujua, wakajua hasa wapi watacheka na wapi watashika mioyo. Mimi nimeigiza jukwaani miaka 11, nawaambieni, mchezo uliochezwa mara elfu moja unajisahihisha wenyewe. Kila kituo kilichokuwa kirefu kimeshakatwa na watazamaji.

#20 Binti Raskazone
Basi kwa nini ile ya 1936 hakuna anayeikumbuka, Pazia?

#21 Pazia Jekundu
Swali zuri. Sina jibu la haraka.

#22 Mhasibu Mstaafu
Jibu ni K. V. Reddy, mwongozaji. Na mimi namtetea kwa wivu wa kikazi, maana kabla ya kuongoza picha alikuwa mtunza fedha wa kampuni ya filamu. Alipokuja kuongoza, aliongoza kama mtu aliyewahi kulipa bili. Anajulikana kwa saa yake ya kusimamisha. Anapima kila tukio kwenye muswada kabla kamera haijawaka, anajua picha itakuwa na dakika ngapi kabla haijapigwa. Tazama Mayabazar uniambie tukio gani ungelikata. Saa tatu, nyimbo chungu nzima, na hakuna kinachoning'inia.

#23 Mpenda Pushpa
Nimerudi!! Nimemaliza saa nane za usiku. Wadau, kile kisanduku! Priyadarshini! Msichana anakifungua anamwona mchumba yuko mbali, wanaangaliana, wanaimbiana. Hiyo si simu ya video? 1957? Kimefunguka kabisa kama kompyuta mpakato.

#24 Kijukuu cha Nungwi
#23 umeona kila mtu anachokiona? Kinaonyesha anachokipenda mwenye kukitazama. Sasirekha kamwona Abhimanyu. Balarama kamwona Duryodhana, mwanafunzi wake kipenzi. Krishna kafungua kamwona Shakuni, mjomba wa Duryodhana, adui! Hapo nilisimamisha picha nikafikiri siku mbili.

#25 Mlinzi wa Hadithi
Kwa sababu bila Shakuni kazi ya Krishna duniani haikamiliki. Uovu wa yule ndio unaoileta vita.

#26 Mswahili wa Ruwi
Mzee wa Guntur anasema vingine. Anasema Krishna anampenda Shakuni kwa kuwa ndiye pekee mle ndani mwenye akili ya kucheza naye.

#27 Fundi Taa
Mimi naona Krishna ndiye anayekiendesha kisanduku, anaonyesha anachotaka waone. Tuendelee.

#28 Mama Wawili
Mimi nimeguswa na ndoa yenyewe. Abhimanyu ni mtoto wa shangazi yake Sasirekha. Kwetu pwani tungesema binamu nyama ya hamu. Na Waandhra nao wana desturi ya zamani hiyo hiyo, mtoto wa mjomba ana haki yake. Kwa hiyo shangazi Subhadra anapokwenda kudai ahadi na kufungiwa mlango wa moyo na wifi yake, haiumizi kama hadithi ya miungu. Inauma kama jambo la nyumba ya pili. Nimewahi kuona posa ya hivyo ikivunjwa baada ya mzee kufilisika, na yule shangazi hakuwahi kurudi nyumba ile. Ndiyo maana inapendwa. Kamera hata mimi nimeipenda, ila nililia kwa sababu ya shangazi.

#29 Pazia Jekundu
#28 umenijibia kabla sijajibu #20. Na angalia ujasiri wake: Arjuna baba yake Abhimanyu, Bhima na ndugu zao, mashujaa wenyewe wa Mahabharata, hawaonekani kabisa kwenye picha. Hata mara moja! Wanatajwa tu. Kilichobaki ni wifi, shangazi, watoto na zimwi.

#30 Mwana Siasa
Nyie mnasahau wakati. Jimbo la Andhra Pradesh limezaliwa 1 Novemba 1956, picha imetoka Machi 1957. Watu wenye lugha yao ndiyo kwanza wamepata jimbo lao, wanapewa picha kubwa kwa lugha yao. Lazima iingie damuni. NTR mwenyewe akaunda chama Machi 1982, miezi tisa baadaye kashinda uchaguzi, Januari 1983 ni Waziri Mkuu wa jimbo. Watu walimpigia kura Krishna.

#31 Hyderabad Zamani
#30 sehemu ya pili sikupingi, picha yake akiwa Krishna nimeiona ukutani kwenye nyumba za watu, imewekewa ua. Ila ya kwanza ina tundu: Mayabazar ilitengenezwa Madras, kwa Watamil, si Hyderabad, na ilipigwa kwa pamoja Kitelugu na Kitamil. Watamil nao waliipokea kama yao. Na jimbo jipya halikuwahusu.

#32 Mwana Siasa
Na huko kwenye Kitamil walikuwa hao hao akina Nageswara Rao?

#33 Hyderabad Zamani
NTR, SVR na Savitri walikuwa wale wale. Abhimanyu wa Kitamil ni Gemini Ganesan.

#34 Mama Wawili
Ambaye ndiye aliyekuwa mume wa Savitri kwenye maisha ya kweli. Maskini. Picha ya maisha yake, Mahanati ya 2018, niliitazama sehemu mbili kwa siku mbili, sikuweza kuimaliza mara moja. Amefariki Desemba 1981 baada ya miezi mingi ya kupoteza fahamu. Yule yule aliyejipiga paja akacheka.

#35 Binti Raskazone
💔 Ndiyo maana namtetea.

#36 Mhasibu Mstaafu
Turudi kwenye hesabu. Mwaka 1961 K. V. Reddy, Pingali, Bartley na NTR wakafanya tena Jagadeka Veeruni Katha. Picha nzuri sana. Itazameni, mtaona mkono wa mwongozaji ni ule ule.

#37 Binti Raskazone
Mzee, umenipa silaha. Mwongozaji yule yule, mwandishi yule yule, mpiga picha yule yule, na bado si Mayabazar. Kilichokosekana? Savitri na SVR!

#38 Fundi Taa
Pole pole. Mwaka 1963 kuna Narthanasala. NTR yumo, Savitri yumo, SVR yumo na alipata tuzo ya uigizaji Jakarta kwa nafasi ya Keechaka. Hakuna Reddy, hakuna Pingali, hakuna Bartley. Picha kubwa, naipenda. Lakini niambie kama kuna usiku wowote mle uliokufanya utamani kupanda mashua.

#39 Mzee Santuri
Mwaka 1961 muziki haukuwa wa Ghantasala. Nasema tu.

#40 Kalamu ya Makaa
Na wenye studio? Vijaya ilikuwa ya Nagi Reddy na Chakrapani, watu wale wale walioanzisha gazeti la watoto Chandamama mwaka 1947. Jina hilo ni namna watoto wa kule wanavyouita mwezi, mjomba mwezi. Miaka kumi walikuwa wanachapisha hadithi za wafalme na majini kila mwezi, wanajua mtoto anachoka ukurasa gani. Halafu wakatoa pesa ya picha yenye mbalamwezi nzuri kuliko zote. Fundi Taa, taa za Bartley nani alilipia umeme?

#41 Mhasibu Mstaafu
Hatimaye mtu katambua bili.

#42 Mpenda Pushpa
Nimeona YouTube kuna vipande vya rangi. Kuna Mayabazar nyingine?

#43 Fundi Taa
Ni hiyo hiyo, imepakwa rangi kwa kompyuta na kurudishwa kumbini mwaka 2010. Wamefanya kazi kubwa, na iliwapa vijana sababu ya kuitazama, nawashukuru. Lakini kwenye Lahiri Lahiri usiitazame hivyo. Ukiupaka mwezi rangi ya buluu, umeshamwamulia mtazamaji. Kwenye nyeusi na nyeupe usiku ni wako.

#44 Hyderabad Zamani
Nilikuwa huko, watoto walijaa kumbini kwa sababu ya hiyo rangi, na 2013 kura ya kituo cha televisheni cha CNN-IBN mtandaoni ikaitaja picha bora ya Kihindi ya wakati wote, nikimaanisha ya India nzima. Rangi ilisaidia.

#45 Mama Wawili
Hata wewe umesema "ya Kihindi" 😀

#46 Kalamu ya Makaa
Naomba msaada wenu, hasa mlioko kule. Naandika maandishi ya Kiswahili ya kuweka chini ya picha, kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nimekwama kwenye vitu vya kimiujiza vya mji ule wa mazingaombwe uliojengwa na mazimwi. Zimwi linasema hiki si talpam, yaani kitanda, ni gilpam. Na hii si kambali, yaani blanketi, ni gimbali. Kwa Kitelugu inachekesha kwa sababu wao ndivyo wanavyorudia maneno, puli ni chui milia, puli-gili ni chui milia na wenzake wa namna hiyo. Pingali kakichukua kile kipande kisicho na maana akakifanya kitu chenye jina. Kiswahili tutasemaje?

#47 Kijukuu cha Nungwi
Si kitanda, ni gitanda.

#48 Mlinzi wa Hadithi
Hapana. Kwetu mwangwi wa hivyo haupo, mtoto ataona ni kosa la tahajia. Weka "kitanda-jini".

#49 Kijukuu cha Nungwi
Kitanda-jini kinaeleza, hakichekeshi. Si kitanda, ni gitanda. Si blanketi, ni gilanketi. Litamke kwa sauti ya SVR.

#50 Mswahili wa Ruwi
Nimemsomea mzee wa Guntur "gitanda na gilanketi" bila kumwambia ni nini. Kacheka kabla sijamaliza.

#51 Kalamu ya Makaa
Nimeandika gitanda. Mlinzi wa Hadithi, jumatatu naijaribu darasani, nitakuletea majibu.